Bafu Lipokelewe kwa Maji, Si kwa Macho

Katika miaka ya karibuni sura ya nyumba zetu za pwani imebadilika. Kuanzia Ngamiani na Makorora mjini Tanga hadi Muheza, Mkinga na Pangani, ni nadra sasa kuona nyumba mpya ikimalizwa bila sakafu ya vigae, au marumaru kama wengi wanavyoviita. Bafu ambalo zamani lilikuwa ua wa makuti na jiwe la kusimamia, na baadaye likawa sakafu ya saruji iliyosuguliwa, leo linang'aa kwa vigae kutoka chini hadi karibu na dari. Tangu viwanda vikubwa vya vigae vilipoanza kazi Mkuranga na Chalinze, Mkoa wa Pwani, katika nusu ya pili ya miaka ya 2010, bidhaa hii imekoma kuwa ya matajiri peke yao. Hayo ni maendeleo, na hapana sababu ya kuyabeza.

Lakini pamoja na maendeleo hayo umezuka ugonjwa ambao inafaa tuuseme waziwazi, nao ni ugonjwa wa kazi ya kulipua. Bafu linamalizwa leo na kila aliyeingia analisifu. Inapita masika moja, na pengine hata hiyo haijapita, mambo yanaanza kujitokeza. Kigae kikikanyagwa kinalia kama debe tupu. Maji yanatuama pembeni badala ya kukimbilia kwenye tundu. Ukuta wa chumba cha pili unatoka ukungu na rangi inabanduka. Kisha kigae kimoja kinainuka, kinafuatwa na cha pili, na mwenye nyumba anakuwa mtu wa kutafuta fundi wa kuziba kila mwezi.

Wako wanaodhani kwamba hili ni jambo dogo la watu wenye nyumba nzuri. Sivyo hata kidogo. Mwalimu au karani wa halmashauri hajengi kwa fedha za akiba zilizolala benki. Anajenga kwa mkopo wa benki au wa chama cha kuweka na kukopa, na makato yake hutoka katika mshahara mwezi hadi mwezi kwa miaka mingi. Vigae vikibanduka, makato hayasimami. Mtumishi huyo anaendelea kulipia kazi ambayo imekwisha kufa, na papo hapo anatakiwa kutafuta fedha nyingine za kuifufua. Kwa mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake katika nyumba, hasara hiyo haina wa kuifidia.

Zaidi ya hayo, vigae havimo katika nyumba zetu binafsi tu. Vimo katika mabweni ya wasichana, katika zahanati na wodi za wazazi, katika nyumba za walimu na vyoo vya shule. Majengo mengi ya aina hiyo yamejengwa kwa utaratibu unaojulikana kama fosi akaunti, ambapo taasisi yenyewe hununua vifaa na kuajiri mafundi wa mtaani chini ya usimamizi wa kamati. Mwishoni mwa mwaka 2021, fedha za mkopo nafuu wa shilingi trilioni 1.3 za kukabiliana na UVIKO-19 zilipotolewa na madarasa 15,000 yakatakiwa kujengwa kwa miezi michache, walimu wakuu wengi walijikuta wasimamizi wa ujenzi bila ya kusomea ujenzi. Basi msomaji wa ukurasa huu huenda ndiye mwenye nyumba, na huenda vilevile ndiye anayetia sahihi kwa niaba ya umma. Kwa sababu hizo mbili, jambo hili linamhusu.

Maoni yangu ni haya: kazi mbaya ya vigae haianzi siku kigae kinapobanduka. Huanza siku tunapoikubali kwa kuitazama tu. Tumezoea kupokea bafu kwa macho, ilhali bafu ni chombo cha maji, na chombo cha maji hupimwa kwa maji.

Pwani yetu si mgeni wa elimu hii. Pale Tongoni, kiasi cha kilomita 20 kusini ya mji wa Tanga, yapo magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne nyingi zilizopita. Kaburi moja liliwahi kuwa na kigae cha kung'aa chenye maandishi ya Kiajemi kilichopachikwa katika chokaa. Huko Gede, karibu na Malindi, wachimbuaji walikuta vyoo na mahali pa kuogea ndani ya nyumba za mawe. Unguja, mabafu ya Kidichi yaliyojengwa mwaka 1850 kwa amri ya Seyyid Said yangali yamesimama na mapambo yake ya chokaa. Wazee waliojenga hayo hawakuwa na saruji ya kiwandani wala gundi ya mfuko. Walichoma matumbawe juu ya rundo la magogo, wakaizima chokaa kwa maji, wakaiacha ikomae kwa muda mrefu kabla ya kuitumia. Walijua kwamba maji ni mgeni asiyebisha hodi, na kwamba nyumba isiyomwekea njia atajitafutia mwenyewe.

Sisi wa leo tunavyo vifaa ambavyo wazee hao hawakuviota. Kiwanda cha saruji cha Pongwe kipo mlangoni mwetu tangu mwaka 1980. Maduka yamejaa vigae, gundi na dawa za kuzuia maji. Tulichopunguza ni subira na uangalifu. Tuyatazame basi makosa yenyewe, maana mtu hawezi kukagua asichokijua.

Kosa la kwanza ni la mwinamo. Sakafu ya bafu haitakiwi kuwa sawasawa kama ya sebule. Inatakiwa iteremke kuelekea kwenye tundu la maji, kwa kiasi cha sentimita moja hadi mbili kwa kila mita. Mwinamo huo hutengenezwa katika sakafu ya saruji kabla ya kigae cha kwanza kulazwa. Fundi anayesema kwamba ataurekebisha kwa kuongeza udongo wa saruji chini ya kigae anajitafutia taabu, kwa kuwa kigae kimoja kitakaa juu ya tabaka nene na kingine juu ya tabaka jembamba, na vitakauka na kusinyaa tofauti.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kigae ndicho kinachozuia maji. Kigae chenyewe kinaweza kuzuia, lakini viungo kati ya kigae na kigae havizuii. Saruji nyeupe tunayoijaza humo hunywa maji polepole. Kinachoilinda nyumba ni tabaka la dawa ya kuzuia maji linalopakwa juu ya sakafu na kupandishwa ukutani, hasa mahali pa kuogea, kwenye pembe na kuzunguka mabomba. Tabaka hilo halionekani kazi ikiisha. Kwa sababu halionekani, ndilo la kwanza kuachwa fedha zinapopungua, au fundi anapotaka kumaliza kabla ya Ijumaa.

Kosa la tatu ni la mabonge. Fundi huweka mabonge matano ya saruji nyuma ya kigae, manne pembeni na moja katikati, akakibandika na kukigonga kikakaa. Kwa macho kigae kimekaa vizuri. Kwa kweli kimesimama juu ya vijiguu vitano, na sehemu iliyobaki ni uwazi. Maji hujikusanya humo, na kitu kizito kikianguka kigae hupasuka. Viwango vinavyotumika Marekani hutaka gundi ishike asilimia 80 ya mgongo wa kigae mahali pakavu, na asilimia 95 mahali penye maji. Njia ya kufika huko haina siri: gundi hutandazwa kwa mwiko wenye meno, kigae kikakandamizwa, na mara kwa mara fundi akainua kigae kimoja kabla hakijashika ili aone kama mgongo wake umelowa wote.

Kosa la nne ni kutotofautisha kigae na kigae. Kwa vipimo vya kimataifa, vigae vya kawaida vya ukutani hunywa maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, na vile vigumu vya poseleni hunywa asilimia 0.5 au chini ya hapo. Kigae kinachonywa maji hushikana na udongo wa saruji, mradi kiloweshwe kwanza kisije kikanyonya maji yote ya saruji. Cha poseleni hakinywi, kwa hiyo saruji tupu haina pa kung'ang'ania, nacho chahitaji gundi yake maalumu. Fundi anayetumia mchanganyiko mmoja kwa vyote ni sawa na mpishi anayepika wali na ugali kwa maji yaleyale na kwa muda uleule. Tuongeze hapa kwamba kigae laini cha ukutani kikilazwa chini ya bafu huwa ni mtego. Mzee, mjamzito au mtoto akiteleza, hatakayeulizwa ni nani aliyechagua rangi.

Kosa la tano ni letu watu wa pwani hasa, nalo ni chumvi. Mchanga uliochotwa ufukweni huonekana safi na husemwa kuwa ni wa rahisi. Lakini chumvi iliyomo huvuta unyevu, hupanda ukutani ikatoka kama unga mweupe, hubandua plasta na kula nondo zilizo ndani ya zege. Tena kuuchota ni kubomoa fukwe zetu wenyewe. Mchanga wa mto wa maji baridi, uliochekechwa, ndio unaofaa. Gharama ya lori lake ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kubomoa bafu zima.

Sasa tuulize, nani wa kulaumiwa? Jibu la haraka ni fundi. Utasikia barazani kwamba mafundi wa siku hizi ni waongo, hawana soni. Wako wa namna hiyo, na hatuwatetei. Lakini tuitazame na sehemu yetu. Tunawaita mafundi watatu, tunauliza bei tu, kisha tunamchukua wa bei ya chini kabisa bila ya kwenda kuona bafu hata moja alilolijenga miaka miwili iliyopita. Tunamlipa kwa mita ya mraba, maana yake anayeharakisha ndiye anayepata zaidi. Tunamnunulia mifuko pungufu ya gundi na kumwambia ajaze kwa saruji. Tunamtaka aweke vigae juu ya plasta ya juzi ambayo haijakauka, kwa kuwa kuna harusi au kuna mgeni rasmi wa uzinduzi. Kisha kazi ikiharibika tunashangaa. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi huo tumeuchonga pamoja.

Mafundi wengi hawakupita darasani. Walianza kama vibarua wa kubeba ndoo, wakajifunza kwa kutazama, na kosa la mwalimu likawa kosa la mwanafunzi. Hilo lina dawa. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ina chuo Tanga, na upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi ambao fundi ameupata kazini. Fundi hupimwa, huelekezwa pale alipopungukiwa, na akifaulu hupewa cheti. Sisi tunaoajiri tunaweza kuupa uzito utaratibu huo kwa kuuliza cheti, na kwa kukubali kumlipa mwenye nacho zaidi kidogo. Ufundi ukiheshimiwa kwa maneno tu na mfuko ukafungwa, fundi mwema ataiacha kazi na mlipuaji atabaki.

Yatupasa kufanya nini, basi? Kwa kazi ambayo haijaanza, yafaa makubaliano yaandikwe, hata kwa ukurasa mmoja wa daftari: kazi gani, kwa vifaa gani, kwa siku ngapi, kwa malipo gani, na nani atarekebisha kasoro zikitokea ndani ya muda fulani. Malipo yagawanywe kwa hatua, na sehemu yake ibaki hadi muda huo uishe. Muhimu kuliko yote, ukaguzi ufanywe katika hatua tatu. Wa kwanza ni kabla ya vigae, sakafu ikiwa tupu. Mwaga ndoo ya maji utazame yanakwenda wapi. Wa pili ni baada ya dawa kupakwa na kukauka. Ziba tundu, jaza maji ya kina cha vidole viwili, yaache siku nzima, kisha angalia kama yamepungua na kama ukuta wa upande wa pili umelowa. Wa tatu ni baada ya vigae kushika. Chukua sarafu uvigonge kimoja kimoja. Kilichoshika hutoa sauti nzito, chenye uwazi hulia. Mitihani hii yote haihitaji mhandisi wala chombo cha kununua. Mwanafunzi wa darasa la saba aweza kuifanya.

Kwa kazi ambayo imekwisha haribika, jambo la kwanza ni kuacha kuziba juujuu. Kupaka saruji nyeupe juu ya kiungo kinachovuja ni kumpa mgonjwa wa homa shuka jipya. Kama vigae vichache tu vinalia na sakafu iko sawa, ving'olewe hivyo na kulazwa upya. Lakini kama mwinamo umekosewa, au dawa haikupakwa, hapana njia ya mkato. Bafu livunjwe hadi sakafuni na lianzwe upya. Ni uchungu, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ndio unaooza.

Fundi aliyefanya kazi hiyo aitwe kwanza kabla ya kuitwa mwingine. Aonyeshwe kasoro mbele ya shahidi, kwa lugha ya heshima, na apewe muda wa kurekebisha kwa gharama yake. Wengi wenye kujali jina lao hurudi. Asiporudi, msomaji ajue kwamba Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, humpa aliyevunjiwa makubaliano haki ya kudai fidia, na kwamba makubaliano ya mdomo nayo yaweza kuwa mkataba. Tatizo la mdomo ni ushahidi. Ndiyo maana ule ukurasa mmoja wa daftari, stakabadhi za vifaa na picha za kazi ikiendelea vina thamani kuliko ugomvi wa barabarani.

Juu ya majengo ya umma, neno letu ni zito zaidi. Mwenye nyumba akipokea bafu bovu amejidhulumu mwenyewe. Mjumbe wa kamati ya mapokezi akitia sahihi bila ya kumwaga hata ndoo moja ya maji, amewadhulumu wasichana mia watakaooga katika bweni hilo na mama atakayejifungua katika wodi hiyo. Wao hawana mkataba na fundi, hawana stakabadhi, na hawana fedha za kuvunja na kujenga upya. Walichonacho ni sahihi yake tu. Haitoshi kusema kwamba siku ya uzinduzi ilikuwa imekaribia, au kwamba fedha zilitakiwa zimalizwe kabla ya tarehe 30 Juni. Utepe waweza kukatwa wiki inayofuata na jengo lisipungukiwe kitu.

Kwa hiyo lifaalo ni jepesi na laweza kuanza katika shule na halmashauri yoyote bila ya kungoja waraka. Kamati ya ujenzi imwombe mhandisi wa halmashauri afike sakafu ikiwa tupu, si vigae vikiisha. Matokeo ya kipimo cha maji yaandikwe katika kumbukumbu za kikao, pamoja na tarehe na majina ya waliokuwapo. Kamati ya mapokezi isiyeiona karatasi hiyo isitie sahihi. Fundi akijua mapema kwamba kazi yake itajazwa maji siku nzima mbele ya mashahidi, atapaka dawa ile isiyoonekana bila ya kukumbushwa. Na yule asiyeweza kazi hiyo hatakuja kuiomba.